Gari Lililotyuniwa na Siku ya Kupimwa Moshi

Mzee mwenye Hiace ya Mambrui alifika gerejini kwangu, hapa Majengo, Malindi, saa mbili asubuhi. Akazima injini, akabaki kwenye usukani bila kushuka. Nikajua huko Mombasa mambo hayakwenda.

"Fundi," akasema, "gari lavuta kama punda aliyeona maji, lakini wamelikataa. Eti moshi."

Magari ya abiria Kenya hukaguliwa kila mwaka, na mzee alikuwa amebakiza siku chache. Miezi mitatu nyuma alimpata mtu akamwandikia upya kompyuta ya injini, ili gari lipande vilima vya Marafa likiwa limejaa abiria na magunia. Na lilipanda kweli. Hakuna aliyemwambia kwamba nguvu ile ililipiwa kwa kitu, na kwamba siku ya kupimwa kitu hicho kitatoka mkiani mwa gari kikiwa cheusi.

Swali lake naulizwa mara nyingi: gari lililotyuniwa, yaani lililoandikwa upya kompyuta yake ili livute zaidi, laweza kupita kipimo cha moshi? Laweza. Nimeyapeleka kadhaa yakapita. Ila inabidi ujue gari lako litapimwa likiwa katika hali gani. Petroli hupimwa ikiwa imetulia. Dizeli hupimwa ikikanyagwa. Ukishalishika hilo, yaliyobaki ni kazi ya mikono.

Dizeli kwanza, maana ndiyo inayokataliwa

Gari la dizeli likifika kwa mkaguzi, kijiti cha mashine huingizwa kwenye ekzosi, kisha mguu hushuka mpaka chini kwa mara moja. Injini inapanda kutoka kunguruma kwa kawaida hadi mwisho wa mizunguko yake, inaachiwa, inakanyagwa tena, mara kadhaa. Mashine haijali gari lina mbio kiasi gani. Inapitisha mwanga ndani ya moshi na kupima mwanga uliozuiwa.

Sasa fikiria kinachotokea ndani wakati ule mguu unaposhuka. Mafuta yanafika mara moja, kwa sababu nozeli ni za umeme na reli, bomba linalozilisha mafuta, ina presha tayari. Hewa haifiki mara moja. Tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, inahitaji muda kidogo ianze kuzunguka kwa kasi. Kwa hiyo kuna kitambo kidogo, chini ya sekunde moja, ambapo mafuta ni mengi na hewa ni kidogo. Mafuta yaliyokosa hewa ndiyo masizi.

Waliotengeneza gari walilijua hilo. Ndani ya kompyuta kuna jedwali linalosema: hewa ikiwa kiasi hiki, mafuta yasizidi kiasi hiki, hata dereva akanyage vipi. Sisi mafundi tunaliita kizuizi cha moshi. Mtu anayetaka gari livute tangu chini, tena akitaka usikie tofauti pale pale unapotoka gerejini kwake, kitu cha kwanza anachoinua ni hicho. Ni njia ya mkato. Kupandisha nguvu pole pole, hewa ikitangulia na mafuta yakifuata, kunahitaji kulipima gari barabarani mara nyingi, na wengi hawana subira hiyo.

Ndiyo maana tyuni ya dizeli huanguka kwenye kipimo kuliko ya petroli. Mkaguzi anakanyaga mahali pale pale fundi alipoongeza.

Nilifungua faili ya ile Hiace, yaani programu iliyomo kwenye kompyuta yake, injini ni 2KD, nikakuta kizuizi kimepandishwa hadi hakizuii kitu. Lakini hayo hayakuwa yote. Filta ya hewa ilikuwa nyekundu kwa vumbi la Marafa, nilipoigonga chini iliacha kilima kidogo. Na mpira unaopeleka hewa kutoka kwa tabo ulikuwa na ufa upande wa chini, usioonekana mpaka uuvue na kuupinda. Kwa hiyo mafuta yameongezwa na hewa imepungua, wakati mmoja. Faili ya kiwandani ingevumilia ule ufa, labda moshi kidogo tu. Faili ile mpya haikuacha nafasi ya kuvumilia chochote.

Hapo ndipo nilipo na ugomvi na wenzangu wa kazi hii. Wanaandika faili juu ya injini mgonjwa. Gari linakuja limechoka, mwenyewe anasema "halivuti", na badala ya kutafuta kwa nini halivuti, wanaliongezea mafuta. Kwa ile Hiace, mpira mpya na filta mpya vingerudisha nusu ya nguvu aliyokuwa akiitafuta, bila kugusa kompyuta.

Mimi sina mashine ya kupima moshi wa dizeli. Nina ukuta wa chokaa nyuma ya gereji. Nalirudisha gari kinyumenyume hadi ekzosi itazame ukuta, injini ikiwa imepata moto sawasawa, nakanyaga mara tatu, kisha namwita mtu mwingine akanyage nami nitazame. Ukiona wingu linalotoka mara moja na kupotea, jeusi-jeusi kama chai ya rangi, bado una tumaini. Ukiona ukuta umepotea, usipoteze mafuta yako kwenda Mombasa, ni kilomita 120 hivi kwenda tu. Uingereza wana tarakimu zao za jinsi moshi unavyozuia mwanga: magari ya zamani yenye tabo yanaruhusiwa hadi 3.0, na yaliyoanza kutumika kuanzia Julai 2008 hadi mwisho wa 2013 yanaruhusiwa 1.5. Kwa vile nusu nzima ya ruhusa imekatwa kwa yale mapya, unaona kwamba hakuna nafasi ya kucheza na kizuizi cha moshi.

Neno moja kuhusu mafuta yenyewe. Januari 2015 dizeli inayoingia Kenya na nchi jirani za Afrika Mashariki ilianza kutakiwa iwe na salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na hiyo ni dizeli safi. Tatizo ni yanayotokea baadaye. Mafuta ya taa yalichanganywa kwenye dizeli kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, ili mchezo usiwe na faida. Mafuta ya taa hayalainishi pampu wala nozeli. Nozeli iliyolika inatema badala ya kupuliza, na matone makubwa hayaungui yote. Hakuna faili itakayorekebisha nozeli inayotema. Jaza tenki mahali unapopaamini wiki nzima kabla ya kipimo.

Petroli

Huku mambo ni ya kistaarabu zaidi, na ndipo wajuaji wanapoharibu.

Injini ya petroli inapenda gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Hapo kila kitu huungua, hakibaki hewa wala mafuta. Kiwango hicho huitwa lamda 1. Mafuta yakizidi, lamda inashuka chini ya 1, na kaboni monoksidi na mafuta mabichi hupanda. Hewa ikizidi, oksidi za nitrojeni hupanda, na hewa ikizidi mno injini inaanza kukosa moto na mafuta mabichi yanatoka tena.

Chini ya gari kuna kile kichujio chenye vitundu-vitundu ambacho wenzetu wa Tanzania hukiita masega. Jina zuri, nimelichukua. Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, kidogo kidogo, zimepakwa juu ya kauri. Yanasafisha gesi zote tatu kwa pamoja, lakini kwa masharti mawili: yawe yamepata moto, kama nyuzi 250 hadi 300 hivi, na lamda iwe inacheza karibu kabisa na 1. Ndiyo kazi ya sensa ya oksijeni. Inanusa moshi, inaiambia kompyuta "mengi", kompyuta inapunguza, inaambiwa "machache", inaongeza. Ukichomeka skana, mashine ya kuisoma kompyuta ya gari, utaiona ikipanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9, haitulii. Ile ya pili, nyuma ya masega, inatakiwa itulie. Ikianza kucheza ngoma moja na ya kwanza, masega yamekufa, na hapo ndipo msimbo wa hitilafu P0420 unapojitokeza.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Ile kucheza ya sensa hutokea injini ikiwa inanguruma tu au inakwenda mwendo wa kawaida. Ukikanyaga mpaka chini, kompyuta inaacha kuisikiliza sensa na kufuata jedwali, ikimwaga mafuta zaidi kwa makusudi, kwa nguvu na kwa kupoza. Fundi mwenye akili anagusa hapo tu, kwenye mkanyago wa mwisho. Na kipimo cha petroli hufanywa injini ikinguruma, kisha kwenye mizunguko kama 2500 hadi 3000 kwa dakika. Hizo ni sehemu ambazo tyuni nzuri haizigusi kabisa. Kwa hiyo gari la petroli lililotyuniwa kwa adabu hupita kama lilivyokuwa likipita kabla.

Sasa Probox. Kijana mmoja wa Kisumu Ndogo, mtaa wa hapa hapa Malindi, aliniletea Probox ya injini ya 1NZ, ya kubebea mirungi, imetyuniwa. Hapo hapo nilimuuliza: injini ya lita 1.5 isiyo na tabo, utapata nini? Nguvu utakayoongeza ni kidogo, utaisikia kwa masikio kuliko kwa gari. Nikachomeka mashine yangu ya gesi, niliyoinunua ikiwa imetumika Uingereza ndiyo maana nafuata tarakimu za huko: kaboni monoksidi isizidi asilimia 0.3 ikinguruma, isizidi 0.2 kwenye resi ya juu, yaani ile mizunguko 2500 hadi 3000, mafuta mabichi yasizidi sehemu 200 kwa milioni, na lamda iwe kati ya 0.97 na 1.03. Probox ilisoma asilimia 4 na zaidi ikinguruma. Jicho lilianza kuwasha.

Fundi aliyemhudumia alikuwa ameizima sensa ya oksijeni ndani ya faili, moja kwa moja, kompyuta isiisikilize tena popote. Kisha akayachomoa masega, akamwambia kijana kwamba yanaziba pumzi ya gari. Masega yenyewe hayakurudi. Madini yale matatu niliyoyataja yana soko, na kuna watu wanazunguka gereji wakiyanunua. Hilo ndilo linaloeleza kwa nini masega yanaziba pumzi ya magari mengi sana siku hizi.

Kumrudisha kijana yule kulikuwa kazi. Faili ya kiwandani tuliipata kwa Probox nyingine ya mwaka ule ule na namba ile ile ya kompyuta, sensa tuliyoikuta ilikuwa bado nzima, lakini masega ilibidi yanunuliwe. Hayo ni matumizi ambayo hakupanga, na yalizidi kwa mbali alichomlipa yule wa kwanza.

Wa tatu ni hawa vijana wa Subaru. "Ami, nataka ipige mabomu," ndiyo salamu yao. Mabomu yale ni mafuta yanayoachwa yaingie wakati mguu umetolewa, moto wa plagi ukicheleweshwa, hivyo yanaungua ndani ya ekzosi badala ya ndani ya silinda. Usiku wa Ijumaa pale barabara ya ufukweni inasikika kama sherehe. Masega nayo yanachomwa kuliko yanavyoweza kustahimili, kauri inayeyuka, inapasuka, vipande vinajaa silensa. Sifanyi mabomu. Kuna wanaofanya, nendeni kwao, kisha mje kwangu kwa masega.

Kabla ya kwenda

Ikiwa gari lako limetyuniwa na siku ya kupimwa inakaribia, anza wiki mbili kabla. Si siku mbili.

Tafuta kwanza faili ya kiwandani. Mtu aliyekutyunia anatakiwa awe aliisoma na kuihifadhi kabla ya kuandika yake. Kama hana, jua ulikuwa mikononi mwa nani. Kwa dizeli nashauri uirudishe na kuiacha, au umpate mtu akuandikie faili inayoheshimu kizuizi cha moshi. Kwa petroli, tazama tu kama sensa na masega vimo na vinafanya kazi, tyuni yenyewe yaweza kubaki.

Halafu shughulikia hewa: filta, mipira, vibano. Toa sensa ya hewa uipulizie dawa yake, usiiguse kwa kidole wala kwa kitambaa. Halafu chumvi, adui wetu sisi wa pwani. Upepo wa kusi unapovuma hapa Malindi unaweza kulamba bomba la mlango asubuhi ukaonja bahari. Chumvi ile inaingia kwenye soketi za sensa, zinaota ukungu wa kijani, volti inapungua kidogo, na kompyuta inaamini ile volti ndogo. Vua kila soketi unayoweza kuifikia, isafishe, irudishe. Na boliti za ardhi, zile zinazoshikilia waya mweusi kwenye bodi: zifungue, kwangua mpaka uone chuma cheupe. Nimewahi kukaa siku mbili nikitafuta ugonjwa wa gari la mtu wa Ngomeni, ukawa ni boliti moja.

Ekzosi nayo ina hila yake. Ikiwa kuna tundu mbele ya sensa ya oksijeni, na kutu yetu hupenda pale bomba linapoungana, hewa ya nje inafyonzwa ndani. Sensa inanusa hewa, inasema mafuta ni machache, kompyuta inaongeza. Gari linakunywa mafuta na kutoa kaboni monoksidi, na skana inaonyesha kana kwamba mafuta hayatoshi. Watu wamebadilisha pampu, wamebadilisha nozeli, kumbe ni tundu la ukubwa wa punje ya mtama. Njia ya kulipata ni rahisi: injini ikiwa baridi na inanguruma, ziba mdomo wa ekzosi kwa tambara nene kwa sekunde chache, sikiliza wapi panafoka.

Ukimaliza, usifute misimbo na kukimbilia kwenye foleni. Hili limewaponza wengi. Kompyuta ikiandikwa upya, au betri ikivuliwa, inasahau yote iliyojifunza kuhusu injini yako. Inaanza upya kama mtoto. Mpe siku tatu nne za mwendo mchanganyiko, ndani ya mji, barabara kuu, kusimama, kuondoka baridi asubuhi. Mimi nawatuma watu Watamu kwa kupitia Gede na kurudi, jioni mbili. Kisha tunatazama kwenye skana yale marekebisho ya muda mrefu ya mafuta. Yakiwa ndani ya asilimia 10, juu au chini, nalala.

Binamu yangu anaishi California, na huko kwa magari ya miaka ya karibuni hawategemei kijiti cha kwenye ekzosi. Wanachomeka mashine na kuiuliza kompyuta yenyewe: umejipima viungo vyako vyote tangu ulipofutwa mara ya mwisho? Ikijibu bado, gari linarudi nyumbani. Yeye alifuta msimbo asubuhi ya kipimo, akarudishwa. Na tangu 19 Julai 2021 wanaiuliza swali la pili, kama programu iliyomo ni ile ya kiwandani au iliyoidhinishwa. Kila faili ina namba yake ya utambulisho inayopigwa hesabu kutoka ndani yake, ukibadilisha tarakimu moja namba haifanani. Hapa kwetu ukaguzi hufuata kiwango cha KS 1515, lakini magari tunayoyanunua ni yale yale, na kompyuta zao zinajua kujibu maswali hayo siku yoyote zitakapoulizwa.

Kuna wanaoniuliza kama siwezi kuandika faili inayojitambua: ikiwa kwenye kipimo iwe mpole, ikitoka iwe kali. Kampuni kubwa ilishajaribu. Volkswagen iliweka programu ya namna hiyo kwenye magari kama milioni 11 duniani, kompyuta ikitambua kipimo kwa mambo kama usukani kutozungushwa, na mambo yakafichuka Septemba 2015 Marekani, baada ya watafiti wa chuo kikuu cha West Virginia kuyapima magari yakiwa barabarani badala ya ndani ya chumba. Kama wao na wahandisi wao wote walishikwa, mimi wa Majengo na kompyuta yangu ya mkononi yenye kioo kilichopasuka nitafika wapi.

Siku yenyewe

Safari ya Mombasa ni zawadi, itumie. Gari likifika limekwenda saa mbili, masega yamepata moto, injini imetulia kwenye nyuzi 80 na kitu. Kinachoharibu ni foleni. Ukizima na kukaa saa nzima kivulini, masega yanapoa na unaanza upya. Yakibaki magari mawili mbele yako, washa, shikilia resi ya 2500 kwa dakika mbili tatu, usizime tena. Kwa dizeli, kabla ya kuingia mjini, tafuta kipande cha barabara kilicho wazi ukaze mwendo kwa gia ya chini kidogo, masizi yaliyolala kwenye bomba yatoke huko na si mbele ya mkaguzi. Zima ubaridi wa ndani.

Mzee wa Mambrui alirudi kwa mkaguzi siku ya nne, faili ya kiwandani ndani, mpira mpya, filta mpya. Akapita. Wiki iliyofuata akaja tena na swali ambalo nilikuwa nalisubiri.

"Sasa mwanangu, ile ya nguvu waweza kunirudishia?"

Nikamwambia ile ya kwanza hapana. Nikamwandikia nyingine, yenye nguvu ndogo kuliko ile, na kizuizi cha moshi nikakiacha mahali pake. Tulilipima kwenye ukuta wa chokaa, kisha akalijaza magunia ya mahindi tukapanda nalo hadi Marafa, mimi nikiwa na skana mapajani. Lilipanda kwa gia ya tatu pale ambapo zamani lilitaka ya pili. Faili yake ya kiwandani imo kwenye kadi mbili zenye namba ya gari kwa kalamu nyekundu, moja droo ya gereji, nyingine nyumbani ndani ya mkebe wa biskuti ambao mke wangu amekatazwa kuutupa.